Miti haina miguu: Safari ya mbegu kutoka Mji Mkongwe hadi Pete

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtoto akiinua macho juu ya milango ya nakshi na baraza za mawe, hachelewi kuona mche wa mtini wa mwitu umeota ukutani kwenye ghorofa ya pili. Hapana udongo pale, na hapana mtu aliyeweka ngazi kwenda kuupanda. Swali lake huja lenyewe: umefikaje huko juu?

Umepelekwa na ndege. Alikula tini mahali pengine, akatua juu ya ukuta, akaacha kinyesi chenye mbegu ndogo kuliko punje ya ufuta. Mvua iliponyesha, mbegu ikamea ndani ya ufa wa chokaa.

Mti hauwezi kutembea. Hauwezi kwenda kumposa mwenziwe, wala kumpeleka mtoto wake akaishi mbali na kivuli chake. Kwa kazi zote mbili unahitaji mchukuzi: nyuki, nondo, ndege, popo, kima, upepo, maji ya bahari au binadamu. Darasani kazi hizo huitwa uchavushaji na usambazaji wa mbegu, na mara nyingi huishia kwenye mchoro wa ua ulionakiliwa daftarini. Kisiwani Unguja zinaonekana kwa macho, na familia yenye siku moja au mbili za likizo inaweza kuzifuata kutoka mjini hadi kwenye mikoko ya Pete.

Unguja inafaa kwa somo hili kwa sababu mimea yake ni ya makundi mawili. Lipo kundi lililofika lenyewe, kwa maji, upepo na wanyama. Na lipo lililoletwa na watu kwa vyombo vya bahari: karafuu, vanila, kungumanga, shokishoki. Kundi la pili lilikuja bila wachukuzi wake. Kundi la kwanza bado linao, lakini wanaweza kupotea.

Ukutani Mji Mkongwe

Tini si tunda la kawaida. Ni kifuko chenye maua mengi madogo yaliyofungiwa ndani. Nyigu mdogo sana hupenya kwa tundu jembamba lililo nchani, mara nyingi akikatika mbawa njiani, huku amebeba chavua kutoka kwenye tini alimozaliwa. Akiwa humo huchavusha maua na kutaga mayai yake. Karibu kila aina ya mtini ina nyigu wake, na nyigu huyo akikosekana, mtini hautoi mbegu.

Baada ya nyigu ni zamu ya ndege na popo, ambao hula tini mbivu na kuzisambaza mbegu. Msituni mche wa mtini wa mwitu unaweza kuanza maisha juu ya mti mwingine, kisha ukashusha mizizi mpaka chini. Kwa mche huo, ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hauna tofauti kubwa na jabali. Mizizi hufuata nyufa ikitafuta maji, hunenepa, na mawe huanza kuachana.

Ndiyo maana mche huo mzuri ni habari mbaya kwa mwenye nyumba. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuta zake nyingi ni za kale. Mche unaong'oleka leo kwa vidole, baada ya miaka michache utahitaji fundi. Ukikatwa juu tu na mizizi ikabaki, huchipua tena.

Anayetaka kuona mtini uliokua bila kubanwa na ukuta aende Mizingani, mbele ya bahari, kwenye mti mkubwa ambao inasimuliwa ulipandwa mwaka 1911 na Sultani Khalifa bin Haroub. Mafundi wa vyombo na wapita njia wamepumzika chini ya kivuli chake kwa miaka mingi.

Darajani: tunda ni ujira

Kutoka hapo, kwa miguu, familia inaweza kufika soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904. Matunda yaliyopangwa pale yana jambo moja la kumfundisha mtoto: tunda ni ujira wa mchukuzi.

Embe bichi ni chachu, ni gumu, na rangi yake inafichika katika majani, kwa sababu mbegu iliyomo haijakomaa. Mbegu ikiwa tayari, tunda hubadilika rangi, hulainika na kunukia. Hapo mti unatangaza kazi: njoo ule, uondoke na mbegu. Msimu wa zambarau ushahidi huonekana hata kwenye magari yaliyoegeshwa, ambayo huamkia madoa ya kinyesi cha rangi ya zambarau. Ndege na popo wamelipwa, na mzigo wameutua.

Papai nalo lina somo lake. Wakulima wengi wanaujua mpapai dume, wenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, usiozaa. Kuna pia mipapai jike, na mingine yenye ua la jinsia zote mbili. Anayefyeka midume yote kwa kuwa "haina faida" anaweza kushangaa majike yakipunguza matunda, kwa sababu chavua ilikuwa ikitoka kule.

Kisha kuna ubuyu, ule mwekundu wenye sukari na viungo ambao watoto wa Zanzibar wanaujua kuliko pipi. Ua la mbuyu ni kubwa, jeupe, linaning'inia na hufunguka jioni. Rangi hiyo na harufu yake nzito ni mwaliko kwa popo, ambaye hufuata maji matamu ya ua na kuondoka na chavua kifuani. Tunda likikomaa, mbegu hubaki ndani ya unga mchachu. Bara, tembo na nyani hula mabuyu na kuzisafirisha mbegu hizo ngumu. Unguja haina tembo wala nyani. Kazi imebaki kwa watu, ingawa mbegu iliyokwisha kupikwa na sukari haitegemewi kuota.

Jioni, mtoto aoneshwe asumini. Ni nyeupe na hunukia zaidi giza likiingia, kwa sababu mgeni anayengojewa ni nondo, ambaye huona rangi nyeupe na kufuata harufu usiku. Wanawake wanaotunga asumini huzichuma zikiwa matumba, zikafunguke baadaye kwenye nywele. Wanaijua saa ya ua hilo bila kufunuliwa kitabu.

Kizimbani: waliokuja bila wachukuzi wao

Nje ya mji, upande wa mashamba yenye udongo mzito, iko Kizimbani, kilipo kituo cha utafiti wa kilimo, na karibu yake yapo mashamba ya viungo yanayopokea wageni. Hapa karibu kila mmea ni mgeni.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Wadachi walijitahidi kuuzuia usitoke huko, hata wakakata miti nje ya maeneo waliyoyataka. Mwaka 1770 Wafaransa walifanikiwa kuupeleka Mauritius kwa siri, na kutoka visiwa hivyo ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan akahimiza upandwe kwa wingi. Mashamba yale yalitegemea kazi ya watumwa, ambao hali yao iliondolewa kisheria mwaka 1897 tu. Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, wakati Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa.

Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni kwamba karafuu iliyomo kwenye pilau ni ua ambalo halijafunguka. Kile kichwa cha mviringo ni petali zilizojikunja, na vile vidole vinne vinavyolishika ni sepali. Mchumaji hulitaka ua likiwa tumba, maana likishafunguka thamani yake hushuka. Maana yake ni kwamba mkarafuu uliochumwa wote mwaka huo haukupata mtoto hata mmoja.

Mkulima anayetaka miche lazima aache matumba kadhaa yafunguke, yachavushwe na kuwa matunda yenye rangi ya zambarau iliyokoza. Hata hapo hana muda. Mbegu ya mkarafuu haivumilii kukauka, na ikicheleweshwa kwa siku nyingi hufa. Haiwekwi ghalani kama mahindi ikasubiri mvua ya mwakani. Mti wenye sifa duniani kote unaendelea kuwapo Unguja kwa sababu mtu fulani, kila msimu, amekubali kuacha sehemu ya mavuno yake juu ya mti.

Kungumanga ana shida nyingine. Iko miti dume na miti jike, na kwa macho haitofautiki mpaka itoe maua, baada ya miaka kadhaa. Tunda likipasuka, ndani huonekana wavu mwekundu unaoshika kokwa, ndio basibasi. Huko Banda, Indonesia, wekundu huo huwaita njiwa wakubwa, ambao humeza kokwa na kwenda kuliangusha mbali. Unguja hakuna njiwa hao. Mkulima ndiye njiwa.

Lakini hakuna mmea uliopwekeka kama vanila. Kwao ni Meksiko, ambako nyuki wa huko hulichavusha ua lake. Lilipopelekwa nchi nyingine lilichanua vizuri na halikuzaa. Ndani ya ua kuna utando unaotenga chavua na stigma, na ua lenyewe hufunguka kwa siku moja tu. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua jinsi ya kuuinua utando huo kwa kijiti na kuigusisha chavua kwa kidole gumba. Wataalamu walikuwa wamejaribu kwa miaka bila kupata njia nyepesi kama hiyo. Mbinu yake ndiyo inayotumika mpaka leo, Unguja ikiwamo, ua moja baada ya jingine. Anayechelewa kwenda shambani asubuhi hiyo hapati ganda la vanila, na ganda lenyewe huchukua takriban miezi tisa kukomaa. Mtoto wa darasa la sita akisikia habari ya Edmond huwa na swali moja: alilipwa? Mzazi ajiandae kujibu. Alipata uhuru mwaka 1848, utumwa ulipofutwa kisiwani, lakini utajiri ulikwenda kwa wengine, naye alikufa maskini mwaka 1880.

Jozani: kazi ya kupokezana

Barabara ya kusini mashariki hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50. Daladala za kwenda Makunduchi na Jambiani hupita mlangoni.

Wageni wengi huja kumtazama kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama usoni. Asili yake ni Unguja peke yake, na hesabu ya kisiwa kizima iliyofanywa katika muongo wa 2010 ilipata zaidi ya 5,800. Wengi hudhani yeye ndiye mpanzi mkuu wa msitu. Sivyo. Kima punju ni mla majani na matunda mabichi. Tumbo lake halipendi tunda tamu lililoiva, na mbegu nyingi anazokula huzisaga.

Wapanzi hasa ni wengine. Yupo kima wa kawaida, mwenye mifuko mashavuni, ambaye huijaza matunda, hukimbia nayo, kisha hutema mbegu akiwa mbali na mti. Wapo hondohondo na ninga. Wapo popo. Chini yupo paa nunga, mnyama mdogo adimu ambaye nje ya Unguja hupatikana misitu michache ya pwani ya Kenya. Yeye hufuata makundi ya kima ili ale maua, majani na matunda wanayoyaangusha. Hata kima punju, kwa ulaji wake wa kumwagamwaga, humwekea meza.

Miti ya mtondoo iliyomo Jozani inaonesha kwamba mbegu moja inaweza kuwa na wachukuzi wawili. Tunda lake la mviringo huelea baharini likaota ufukweni, na popo naye hulibeba kwenda bara.

Kuna sababu ya haraka yote hii ya kuhama. Mbegu inayodondoka chini ya mama yake hukuta kivuli, wadudu wanaoijua harufu ya familia hiyo, na ndugu mia wanaogombea maji yale yale. Iliyopelekwa hatua 200 mbele ina nafasi nzuri zaidi ya kuwa mti.

Hapo ndipo penye hatari ambayo macho hayaioni upesi. Wachukuzi wakiwindwa au wakigongwa na magari, msitu haufi siku hiyo. Unabaki kijani kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni watoto: miti mikubwa imesimama, na chini yake hakuna miche ya kuirithi. Mzazi anaelewa maana ya kijiji cha wazee watupu. Matuta ya barabarani pale Jozani yaliwekwa baada ya kima wengi kugongwa, na vifo vilipungua. Dereva anayeyapita polepole analinda pia miti ambayo bado haijaota.

Pete: watoto wanaozaliwa wakiwa tayari

Upande wa pili wa barabara, Pete, kuna njia ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya mikoko. Maji yakikupwa, mtoto ataona mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui.

Hapa mbegu ya kawaida ingeangamia: ingezama topeni au ingekufa kwa chumvi. Kwa hiyo mkoko hauachi mbegu idondoke. Huiotesha ikiwa bado juu ya mti. Vile vijiti virefu vya kijani vinavyoning'inia, vingine urefu wa mkono wa mtoto, ni miche inayonyonya kwa mama yake kwa miezi. Ikiachia wakati wa maji kupwa, huweza kuchoma matopeni na kusimama hapo hapo. Ikiachia maji yakijaa, huelea kwa ulalo, ikasafiri, kisha upande wa mizizi huwa mzito na mche husimama wima ukitafuta pa kushika.

Mkomafi una njia yake. Tunda lake ni kubwa kama mpira, na likipasuka hutoa mbegu zenye pembe zinazoshikana kama chemshabongo ya vipande. Kuzirudisha mahali pake ni mchezo unaowashinda hata wakubwa. Mlilana hufungua maua yake usiku, na popo ni miongoni mwa wageni wake.

Mikoko ni kitalu cha samaki na ngao ya pwani, na ukataji wa kuni na boriti umeipunguza sehemu nyingi za kisiwa. Vijiji na skuli hupanda upya kwa kuchomeka vijiti hivyo topeni. Wanaofaulu ni wale wanaotazama kwanza aina gani iliota wapi, kwa sababu kila aina ina kina chake cha maji. Kupanda tu popote penye matope ni kupoteza siku.

Mbele zaidi, Paje na Jambiani, mnazi hukamilisha somo. Makumbi yake mepesi ni jaketi la kuokolea maisha, linaloiwezesha nazi kuelea wiki nyingi na bado ikaota. Wanawake wa huko huyazika makumbi hayo ufukweni mpaka yalainike, kisha wakasokota kamba. Nyuzi zilizoumbwa kumvusha mtoto wa mnazi bahari sasa hufunga paa na vyombo.

Popo na jiwe mkononi

Katika safari yote hii mchukuzi mmoja ametajwa mara nyingi kuliko wote: popo. Mbuyu, zambarau, mtini, mtondoo, mlilana. Ndiye pia anayepigwa mawe zaidi, kwa sababu anakula maembe, anachafua, na amezungukwa na hadithi za kutisha.

Pemba wana la kuwasimulia ndugu zao. Popo wao mkubwa, asiyepatikana pengine duniani, alikaribia kutoweka kwa kuwindwa. Vijiji kama Kidike viliamua kulinda miti anayolala, na idadi yake ikapanda tena hadi maelfu mengi. Hawakuhitaji kumpenda. Walihitaji kujua kazi yake na kumwacha aifanye. Mtoto afundishwe yote mawili: asimrushie jiwe, na asimshike kwa mkono, kwa kuwa mnyama wa porini anaweza kubeba maradhi.

Ya kufanya na watoto

Loweka karafuu nzima kwenye maji ya vuguvugu usiku mmoja. Asubuhi, kwa sindano, mtoto afungue kile kichwa. Ndani atakuta stameni zimejikunja, zinangoja siku ambayo haikufika.

Baada ya kucheza uwanjani, hesabuni vishona nguo vilivyonasa kwenye soksi. Kila kimoja ni mbegu iliyopanda gari bila nauli.

Tafuteni mbegu za mbuyu ambazo hazijapikwa. Nusu zilowekwe kwenye maji ya moto hadi yapoe, nusu zipandwe zilivyo. Andikeni zipi zimetangulia kuota.

Mkifika Jozani au Pete, msilishe kima na msiondoke na vijiti vya mikoko bila ruhusa ya mtembezaji. Mwacheni kila mchukuzi na mzigo wake.